Deni la dinari 60.000.000

Andiko la kusoma kwanza: Matayo 18:21-35



Juma lililopita, kisha kipindi cha asubuhi, kijana mumoja wa sekondari alituandikia ujumbe kwenye telefone ya redio. Aliuliza jambo moja tu: «Pasta, kila mara munasema kwamba mutumishi yule alikuwa na deni kubwa. Kubwa namna gani? Talanta elfu kumi ni ngapi?»

Tulianza kumujibu «ni nyingi sana», kisha tukanyamaza. Tumehubiri andiko hili zaidi ya miaka 15, na kila mara tulisema «nyingi sana», na watu wakaitika amina. Lakini Yesu hakusema «nyingi sana». Alitaja namba. Na mutu anayetaja namba mbele ya wavuvi, wakulima na mutoza kodi kama Matayo anajua kwamba watahesabu.

Basi katika karatasi hii tutahesabu. Hatuhitaji elimu kubwa. Tunahitaji kuzidisha na kugawanya, vile tulivyofundishwa katika shule ya musingi. Chukua kalamu na kipande cha karatasi, na kama mutoto wako wa shule yuko karibu, mwite akusaidie.

Talanta moja ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno talanta, tunawaza kipaji cha kuimba ao cha kupiga gitaa. Katika siku za Yesu talanta haikuwa kipaji, wala haikuwa sarafu ya kutia mufukoni. Ilikuwa uzito, kipimo cha mizani, kikubwa kuliko vipimo vyote walivyotumia kwa kupima feza. Kwa hesabu ya Wagiriki, iliyoenea katika inchi nyingi wakati ule, talanta moja iligawanyika katika mina 60, na mina moja ikagawanyika katika drakma 100. Drakma ya Wagiriki na dinari ya Waroma zilihesabiwa karibu sawa. Basi 60 mara 100 ni 6.000. Talanta moja ni dinari 6.000.

Na dinari moja ni nini? Injili hiyohiyo inatujibu katika Matayo 20. Mwenye shamba la mizabibu alipatana na wafanyakazi wake dinari moja kwa siku. Dinari ni jasho la siku nzima, tangu jua kutoka mupaka jua kuingia. Kwa hiyo talanta moja peke yake ilikuwa siku 6.000 za kazi. Mutu aliyeshikwa na deni la talanta moja alikuwa ameshikwa kwa karibu miaka 20.

Mutumishi huyu hakuwa na deni la talanta moja. Alikuwa na deni la talanta 10.000. Zidisha: 10.000 mara 6.000 ni 60.000.000. Milioni makumi sita.

Tazameni pia namna Yesu alivyochagua maneno. Katika Kigiriki cha Injili, neno linalosimama pale kwa elfu kumi ni «muria». Hiyo ilikuwa namba kubwa kuliko zote zilizokuwa na jina lake lenyewe katika luga ile. Mutu aliyetaka kupita pale alilazimika kurudilia neno hilohilo, kama Yoane anavyofanya katika Ufunuo 5:11 anapohesabia malaika: elfu kumi mara elfu kumi. Basi Yesu alichukua jina la namba kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya kipimo kikubwa kuliko vyote.

Ndani ya namba hii muna nini?

Kabla ya kuendelea, tuifungue namba yenyewe kama mutu anavyofungua saa na kutazama vyuma vya ndani.

Kwanza ile 60. Watu wa Babeli walikuwa wanahesabu kwa makumi sita, na mupaka leo tungali tunawafuata: dakika ina sekunde 60, saa ina dakika 60. Kwa nini walipenda 60? Sababu inagawanyika vizuri. Ni namba ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 na kwa 6 bila kubakiza kitu. Muchuuzi mwenye mina 60 angeweza kugawia watu wawili, watatu, wane, watano ao sita, na hakuna aliyegombana juu ya kipande kilichobaki.

Sasa 60.000.000 yote. Ukiivunja mupaka vipande vidogo visivyovunjika tena, unapata namba tatu tu: 2, 3 na 5. Ile 2 inarudiliwa mara 8, ile 3 inaingia mara 1, ile 5 inarudiliwa mara 7. Hakikisha wewe mwenyewe: 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 8 inatoa 256. Ile 5 mara 7 inatoa 78.125. Na 256 mara 3 mara 78.125 inatoa 60.000.000 kamili.

Je, ni namba ngapi zinazoweza kuigawanya bila kubakiza? Kuna njia fupi. Ongeza 1 juu ya kila hesabu ya vipande, kisha zidisha. Tujaribu kwanza na 12, ambayo ni 2 mara 2 mara 3. Ile 2 inaingia mara 2, ile 3 mara 1. Ongeza 1 kila upande: 3 na 2. Zidisha: 6. Na kweli 12 inagawanyika kwa namba 6: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Sasa fanya vilevile kwa 60.000.000. Hesabu za vipande ni 8, 1 na 7. Ongeza 1: zinakuwa 9, 2 na 8. Zidisha: 144.

Wapendwa, hapa tuangalie sana. 144 ni 12 mara 12. Muhubiri mwenye haraka angeweza kuruka hapa na kusema: «Tazama, kabila 12 na mitume 12 wamefichwa ndani ya deni!» Kanisa lingepiga makofi. Lakini hiyo si ufunuo. Ni tabia tu ya namba iliyojengwa na 60 na makumi mengi. Jaribu 42.000.000: nayo inagawanyika kwa namba nyingi kuliko 144, na haiko popote katika andiko letu. Mungu ndiye aliyeumba hesabu, na uzuri wake unatufurahisha, lakini hakuweka wokovu wetu ndani ya namba za siri. Kuna watu wanaozunguka wakisema: toa dola 77, toa dola 153, namba hii imefunuliwa kwa ajili yako. Mukisikia hivyo, kumbukeni ile 144. Kupata namba ya ajabu ni kazi rahisi. Yesu hakutoa namba hii ili tutafute siri ndani yake. Aliitoa ili tuone ukubwa wake.

Deni hili lingelipwa kwa miaka mingapi?

Sheria inasema kazi ni siku sita, na siku ya saba ni ya kupumzika. Siku 60.000.000 za kazi, ukigawanya kwa 6, ni majuma 10.000.000 kamili. Majuma milioni kumi. Kila juma lina siku 7, basi ni siku 70.000.000 kwenye kalenda. Gawanya kwa siku za mwaka: ni karibu miaka 191.650.

Na hapo tumesema kwamba mutumishi analeta mushahara wake wote kwa mufalme. Hali, havai, halipi nyumba, hanunulii mutoto dawa. Kama angekula na kuweka kando robo tu ya mushahara wake, ingekuwa mara ine: zaidi ya miaka 766.000.

Tuseme anaachia watoto wake deni, na watoto wanaachia wajukuu, kila mumoja akifanya kazi miaka 40 bila kula. Wangehitajika watu zaidi ya 4.790, mumoja nyuma ya mwingine. Matayo mwenyewe, katika sura ya 1, anahesabu vizazi tangu Abrahamu mupaka Kristo: 14, na 14, na 14. Jumla ni 42. Kama Abrahamu angeanza kulipa deni hili, na watoto wake wote wakaendelea, siku Yesu anapozaliwa hawangekuwa wamelipa hata sehemu moja ya mia.

Mufalme aliamuru kwanza auzishwe, yeye na muke wake na watoto wake. Ingeleta ngapi? Katika Kutoka 21:32, mutumwa aliyeuawa na ngombe analipwa shekeli 30. Wakati wa Yesu shekeli moja ilihesabiwa karibu na dinari 4, basi mutu mumoja ni dinari 120. Kama walikuwa watu sita katika nyumba ile, ni dinari 720. Ingelazimika kuuzisha familia zaidi ya 83.000 kama yake. Mufalme alijua kwamba kule kuuzisha hakungelipa deni.

Watu waliosikiliza mufano huu walikuwa Kapernaumu, katika Galilaya, inchi ya Herode Antipa. Mwandishi wa historia Yosefu, Muyahudi wa wakati ule, anaandika kwamba Antipa alipata talanta 200 kila mwaka kutoka Galilaya na Perea, inchi zake mbili. Gawanya 10.000 kwa 200: ni miaka 50. Kodi yote, ya kila muvuvi na kila mukulima, kwa miaka 50. Antipa mwenyewe hakutawala miaka 50. Unaweza kuwaza namna watu walivyotazamana Yesu alipotaja namba hiyo.

Kwa mizani, talanta 10.000 za feza ni zaidi ya tani 200. Ni makamyo zaidi ya 20 ya tani 10, yote yamejaa feza. Na kama ungehesabu dinari moja kila sekunde, muchana na usiku bila kulala, ungemaliza kisha siku 694.

Sisi tuliona milioni zikifa

Kuna jambo linalotuzuia sisi Wakongomani kusikia namba hii. Sisi tumezoea milioni. Wenye miaka makumi ine na zaidi wanakumbuka noti ya zaire 5.000.000, iliyoandikwa mwaka wa 1992. Mwanzoni mwa 1993 wachuuzi wa Kinshasa waliikataa. Mwaka huohuo zaire 3.000.000 za zamani ziligeuzwa zaire mupya moja. Mwaka wa 1998, zaire mupya 100.000 ziligeuzwa franka moja. Zidisha mwenyewe: franka moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 300.000.000.000. Miliari mia tatu. Na leo franka moja peke yake hainunui hata kiberiti.

Wazee wetu walijifunza kitu pale. Mutu aliyekuwa na deni la zaire alinyamaza tu na kungoja. Kisha mwaka mumoja ao miaka miwili, deni lile lililipwa na bei ya mukate. Deni lilioza lenyewe. Mwenye kukopesha ndiye aliyelia.

Wengi kati yetu tunafikiri zambi ni hivyo. Tunasema: ni jambo la zamani, ilikuwa kabla sijaokoka, watu wamesahau, limekwisha. Lakini kumbukeni kwamba talanta haikuwa noti. Ilikuwa uzito wa feza kwenye mizani. Uzito haushuki kwa sababu serikali imebadilisha noti. Tani 200 za mwaka huu ni tani 200 kisha miaka mia. Deni mbele ya mufalme halikuoza, na kungoja hakukulipunguza hata dinari moja. Njia ilikuwa moja tu: mufalme mwenyewe alifute. Na mufalme anayefuta deni la namna hii, ni yeye anayepoteza. Hatujui njia nyingine ya kueleza musalaba kwa lugha ya kaye ya madeni. Haukuwa muchezo wa maneno. Milioni 60 zilitoka mahali fulani.

Dinari 100 si kitu kidogo

Sasa tuje kwa deni la pili. Mutumishi yule alitoka nje, akakutana na mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Akamukamata kwenye shingo.

Hapa tunapaswa kutubu mbele yenu, sisi wahubiri. Tumezoea kusema kwamba dinari 100 ni «kitu kidogo», «makuta tu». Hesabuni. Ni siku 100 za kazi. Kwa siku sita kila juma, ni karibu majuma 17, yaani miezi ine ya mushahara. Nani kati yetu angetupa mishahara ya miezi ine na kusema si kitu?

Mama mumoja wa kanisa letu ndiye aliyetufundisha hilo. Alipokea zamu yake katika likelemba, dola 120. Ilikuwa minervali ya watoto wake. Rafiki yake, pia mama wa kanisa, akamulilia: «Nikopeshe kwa majuma mawili tu, ninunue sambaza za kuuzisha, nitakurudishia.» Motokari ikalala njiani siku tatu kwa sababu ya matope, na sambaza zikaoza. Majuma mawili yakakuwa mwaka. Watoto walifukuzwa shuleni. Yule mama aliacha kuja kwenye Meza ya Bwana, maana hakuweza kuketi karibu na mwenzake.

Tulipomutembelea, tulifungua Matayo 18 na tukamwambia: «Mama, samehe tu, ni kitu kidogo.» Alitutazama, akasema: «Baba Pasta, kwako ni kidogo. Mutoto wangu amepoteza mwaka.» Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani na haya.

Tulipohesabu kwa ajili ya karatasi hii, ndipo tulipoona kosa letu. Yesu hasemi popote kwamba dinari 100 ni kitu kidogo. Anaitaja namba yake, miezi ine ya jasho, bila kuipunguza. Deni lile ni la kweli. Linauma kweli. Lakini anaiweka namba hiyo chini ya namba nyingine. Gawanya 60.000.000 kwa 100: unapata 600.000. Katika Kutoka 12:37 wanaume waliotoka Misri walikuwa karibu 600.000. Waza kundi lile lote likipita mbele yako siku nzima na usiku mzima. Deni la mwenzako ni mutu mumoja ndani yake. Dinari 100 peke yake ni kubwa. Inakuwa ndogo tu ikiwekwa karibu na ile tuliyofutiwa. Na mutu asiyejua namba ya kwanza hawezi kuona udogo wa namba ya pili, hata pasta wake amupigie kelele namna gani.

Maneno yaleyale

Somo lingine limefichwa pale, na hesabu ndiyo inayolitoa. Soma mustari wa 26 na mustari wa 29. Wale wenye deni wawili walipiga magoti na kuomba karibu kwa maneno yaleyale: univumilie, nami nitalipa. Kwa masikio, ni ombi moja. Kwa hesabu, ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Wa kwanza aliahidi kitu kisichowezekana. Miaka 191.650! Aliomba muda, kumbe hakuna muda ambao ungemutosha. Wa pili aliahidi kitu kinachowezekana. Akiweka kando robo ya mushahara wake, atahitaji siku 400 za kazi, mwaka mumoja na miezi michache, na deni limekwisha. Yule mwenye ahadi isiyowezekana alipewa zaidi ya alichoomba: aliomba muda, akafutiwa yote. Yule mwenye ahadi ya kweli alitupwa katika kifungo, mahali ambapo hawezi kupata hata dinari moja ya kulipa.

Tunafikiri mutumishi wa kwanza hakuhesabu kamwe. Alitoka kwa mufalme akiwaza kwamba amepewa muda, na kwamba yeye angali mutu anayelipa madeni yake. Ndiyo maana alikimbilia dinari 100: alitaka kuanza kukusanya. Mutu anayefikiri kwamba analipia neema ya Mungu atakuwa mukali kwa wengine, kwa sababu anahitaji kila dinari. Wapendwa, sadaka ni shukrani. Si malipo. Kufunga, kukesha, kutoa fungu la kumi, hivyo vyote ni vizuri, lakini hakuna kimoja kinachopunguza ile namba. Imefutwa ao haikufutwa.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza: hesabu hii haimupi mwenye deni ruhusa ya kukimbia. Waroma 13:8 inatukataza kukaa na deni la mutu. Zakayo aliposamehewa, alirudisha mara ine. Kama wewe ndiye uliyekopa, usimuletee mwenzako Matayo 18. Mupelekee feza, hata kidogo kidogo.

La pili: kuna mambo ambayo si deni la sokoni. Mutu akipiga muke wake, akiharibu mutoto, akiiba feza ya watu, kusamehe si kuficha. Mambo hayo yanapelekwa mbele ya wenye mamlaka, na kanisa linasimama na aliyeumizwa.

La tatu, na hili tunalisema kwa sauti ya chini. Kuna kati yetu wale ambao vita iliwachukulia baba, muke, watoto. Hatuthubutu kuwaambia kwamba wanadai dinari 100. Hatujui namba ya deni lile. Tunajua tu kwamba Mufalme anajua hesabu yake, na kwamba hatawaharakisha kama tulivyomuharakisha mama yule. Tutatembea nao. Siku wakiweza kutazama ile namba ya juu, watatazama. Mupaka siku ile, hatutawahesabia.

Turudi kwa mama wetu. Tulirudi kwake mara ya pili, safari hii bila kumwambia kwamba ni kidogo. Tulimwambia: «Mama, ni dola 120, ni mwaka wa mutoto wako, ni kweli.» Alilia. Kisha tulikaa wote, yeye na mwenzake, na yule mwenye deni akakubali kuleta dola 2 kila juma. Gawanya 120 kwa 2: ni majuma 60. Hajamaliza. Majuma mengine analeta, mengine anakosa. Lakini mama yule amerudi kwenye Meza ya Bwana. Bado hawaketi kwenye benchi moja. Tunaendelea kuomba.

Kazi ya juma hili

Petro aliuliza namba: nisamehe mara ngapi, mara saba? Alitafuta mahali pa kufunga kaye. Yesu alimujibu kwa namba inayoshinda kaye yake, kisha akamuonyesha kaye ya mufalme.

Basi juma hili ufanye hivi, ukiwa peke yako mbele ya Mungu. Chukua karatasi. Andika juu: 60.000.000. Chini yake andika jina la mutu mumoja, na deni lake, kwa namba ya kweli. Usipunguze. Kisha kaa kimya na utazame namba hizo mbili kwa muda. Hesabu imefanywa tayari. Kinachobaki ni moyo, na huo ni Roho Mutakatifu anaougeuza.

Tuombe: Baba, tulikuomba muda, nawe ulitufutia yote. Utusaidie tuwaangalie wenzetu tukiwa watu waliofutiwa. Katika jina la Yesu, amina.